Nati za Gurudumu la Mama

Juzi pale Ihumwa nilimsikia fundi akikaza nati za gari kwa mashine ya umeme, na mlio ule ukanirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Tulikuwa tunatoka Hombolo, mama akiendesha pikapu iliyojaa zabibu. Harufu tamu ya zabibu hizo ilichanganyika na vumbi la moto. Tulipopata pancha, fundi wa kando ya barabara alitubadilishia tairi, akazikaza nati kwa mashine kama ile, akizifuata moja baada ya nyingine kwa mzunguko. Niliamini kelele ile ndiyo nguvu yenyewe.

Mama alilishika gurudumu, bado likiwa juu ya jeki, akalitikisa. Likacheza.

“Kaka, limekaa upande. Naomba uzifungue zote.”

“Dada, mashine hii haikosei.”

“Zifungue tu, kaka yangu.”

Fundi akatii. Mama akazianza nati kwa vidole, kisha akamwonyesha pa kugusa kwa mashine: hii, halafu ile inayoitazama upande wa pili.

“Mama, umeruka moja!” nilipiga kelele.

“Sijairuka. Tukianza kukaza za upande mmoja, gurudumu litalala upande.”

Jeki iliposhushwa, mama alimalizia kwa spana ya mkono, akiilalia kwa uzito wake wote.

Nilimnunia njiani, nikidhani amemwonea fundi wa watu. Sasa najua kelele haisemi kama nati imekazwa sawasawa. Siku ile nilijua tu kwamba gari lilikimbia bila mtikisiko, mama akiimba, mpaka usingizi ukanichukua.