Maziwa Hayaji kwa Amri

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, upande wa Mwazye. Wewe, mwanangu, ulikuwa mgongoni mwangu, na homa ilikuwa imeyakata maziwa yangu. Ulikuwa ukiishi kwa maziwa ya zizi la kijiji. Ndiyo maana hadi leo nikisimulia, sauti inapanda. Nivumilie.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimemaliza banda jipya la ng'ombe, sakafu ya saruji, bati juu. Kazi nzuri, siisemi vibaya. Basi Mwenyekiti akaamuru ng'ombe wote wahamie siku hiyohiyo, na ndama wapelekwe ng'ambo ya mto. Alisikia kwamba kwenye mashamba ya kisasa ng'ombe hukamuliwa bila ndama.

Nikasimama mkutanoni. "Ndugu Mwenyekiti, hawa ng'ombe wetu wa kienyeji hawashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Tuanze na mitamba, wazoee tangu uzao wa kwanza."

"Mama, umesoma sekondari yote ile, bado unawaza zizi la babu yako?" akanijibu.

"Babu yangu alikunywa maziwa! Wewe utakunywa saruji?"

Watu wakacheka. Amri ikabaki amri.

Tulikamua hadi vidole vikafa ganzi. Ng'ombe walisimama wakilia kuelekea mtoni, hawatoi kitu. Mwenyekiti akasema watazoea. Majuma yakapita; aliporidhia ndama warudishwe, ng'ombe walikuwa wamekwisha kukauka maziwa.

Mama mkwe wangu akamwendea Mwenyekiti, akapiga magoti, akamsalimu kwa kupiga makofi kama ilivyo desturi yetu. Kisha akamwambia, "Baba, umempokonya mama mtoto, halafu unamdai maziwa? Hata mimi ningekunyima."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akainama. "Niliogopa wenzetu wa kijiji cha Laela watatutangulia."

Mkamia maji hayanywi. Lakini majuto hayakamuliwi, mwanangu. Ulikunywa uji mtupu mpaka ng'ombe walipozaa tena, na miguu yako ilichelewa kusimama. Hilo sijalisamehe.

Sikukatazi mambo mapya. Jenga banda, chimba josho, leta mbegu bora. Ila bandu bandu huisha gogo: badili kimoja, kitazame, ndipo ushike kingine. Na kabla hujaamuru, muulize anayekamua.

Mungu akupe mifugo yenye afya, mwanangu, akupe na sikio la kusikia wanaobishana nawe. Wanao wasije wakalala njaa kwa sababu baba yao alikuwa na haraka.