Jiwe la Chumvi na Jogoo Mwekundu

Bediako aliingia kwenye filamu kwa kubeba jenereta. Hakuwa na uso wa shujaa. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya wa kupitisha kidole, na masikio yamesimama kama ya mtu aliyeitwa ghafla. Siku moja huko Kwadaso mtu wa kuigiza mwizi hakutokea, wakampa Bediako kipigo chake. Katikati ya kipigo akamwomba mpigaji amshikie viatu kwanza, maana ni vya kuazima, na waliokuwa nyuma ya kamera wakacheka mpaka wakaharibu sauti.

Tangu hapo akawa mlinzi wa geti, mlevi, maiti inayopiga chafya, shemeji anayebisha hodi chakula kikiiva. Filamu haikuwa yake hata moja. Yeye aliingia, akatukana, akatoka, na watu walinunua diski ili wamwone akiingia. Kumasi nzima ikamwita Mjomba Pilipili. Maneno yake hayakuandikwa na mtu. Mwongozaji alimwambia tu, wewe ni mume, huyu ni mkeo, mnagombania mbuzi, haya semeni. Kilichotoka kinywani ndicho kilichokwenda sokoni.

Mkewe, Serwaa, alikuwa mwanamke wa kuamka kugusa vipaji vya nyuso za watoto hata kama hawaumwi. Aliiogopa kazi hiyo. Mtu anayelipwa kwa kufungua mdomo bila kujua kitakachotoka, alisema, iko siku atatoa kitu ambacho hakirudishiki.

Aliyeipenda ni mama yake Serwaa, Eno Birago, wa kijiji cha Adwumakrom. Yeye ndiye aliyekuwa mama mkuu wa ukoo. Wanawake wakigombana, wanakaa mbele yake. Mtoto akizaliwa, analetwa kwake. Lakini mkwewe akifika, heshima zote ziliwekwa pembeni. Walikaa wakimenya mihogo na kutukanana hadi machozi yawatoke. Bediako alisema fufu, ule ugali wa mihogo wa mama mkwe, inafaa kuzibia paa. Eno Birago alijibu kwamba masikio ya mkwewe yangetosha kuanikia kakao ya kijiji kizima.

Siku moja Serwaa alikuwa kwenye kibanda chake cha vitambaa. Gari la kutangaza filamu mpya lilipita na spika zake, na sauti ya mumewe ikajaa barabara:

"Bibi yako alinunuliwa Salaga kwa jiwe la chumvi na jogoo mwekundu! Ndiyo maana kila supu unayopika ni chumvi tupu, unalipa deni!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Muuza samaki wa jirani akamwambia, "Shoga yangu, mumeo atatuua." Serwaa alikaa chini, juu ya marobota ya wateja.

Maana jogoo alikuwepo. Bibi wa Eno Birago aliletwa kutoka kaskazini akiwa mtoto mdogo, akanunuliwa vivyo hivyo kwenye soko la watumwa la Salaga, akaingizwa kwenye ukoo, akazaa, na watoto wake wakawa watoto wa nyumba. Habari hiyo ilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, mlango ukiwa umefungwa. Kwa Waasante, anayetaja hadharani asili ya mwenzake ana kesi mbele ya wazee. Na aliyetajwa, hata akipewa haki, ameshatajwa.

Bediako aliporudi hakungoja kuulizwa. Alikaa kwenye kizingiti, viatu bado miguuni.

"Nani alikwambia?" Serwaa akamuuliza.

"Mama mwenyewe. Tulikuwa tunacheka. Akasema mimi ni mwanawe, sina haja ya kufichwa."

"Na wewe ukaenda kuuza."

"Akyaa, yule wa kuigiza mke, alinizidi, mke wangu. Alinitukana mpaka nikakauka. Mwongozaji akauliza, Mjomba umeishiwa? Watu wote wananitazama. Nikafungua mdomo nikakuta hicho tu."

Asubuhi walikwenda pamoja kwa mwenye filamu kumwomba akate kipande kile. Akauliza kwa nini. Serwaa angejibu nini? Kueleza sababu ilikuwa kusema kitu kilekile walichokuja kukizima. Akababaisha kuhusu kanisa, kuhusu maadili. Bediako alipiga magoti sakafuni. Yule bwana alicheka, akawaita vijana wake waje waone Mjomba Pilipili anavyojua kuomba. Kisha akasema kipande hicho ndicho kinachouza, na kwamba diski zimeshapakiwa kwenye magari ya mikoani.

Serwaa alipanda gari la Adwumakrom siku hiyohiyo. Njia nzima alipanga namna ya kumtoa mama yake kijijini kwa siku chache, amdanganye kuwa mtoto anaumwa, amlete Kumasi. Lakini alipofika uani, televisheni ilikuwa imeshatolewa nje, na ukoo mzima umeketi. Diski ilikuwa imemtangulia. Mama yake alikuwa mbele kabisa, kanga begani, anamsubiri mkwewe aingie.

"Njoo ukae," akamwambia Serwaa. "Mumeo bado hajatokea."

Serwaa alijaribu. Alisema mjukuu ana homa kali, waondoke sasa hivi. Eno Birago akamtazama usoni, akajua anadanganywa, akamvuta mkono akae.

Bediako akatokea, na ua mzima ukacheka kabla hajasema neno. Akagombana na mke wa filamu juu ya mbuzi. Wakacheka. Akatukanwa masikio, wakacheka zaidi. Kisha akalisema lile neno.

Hakuna aliyecheka. Watoto waliwatazama wakubwa. Serwaa alipitisha macho kwenye nyuso zile moja moja, akitafuta aliyeshangaa, na hakumpata. Wote walikuwa wakijua. Walikuwa wakijua miaka yote, na miaka yote walikuwa wakipeleka ugomvi wao kwa mama yake.

Opanyin Dwumfuo, mzee wa nyumba, aliinuka kuzima televisheni.

"Iache," Eno Birago akasema. "Nataka nione atakavyomaliza."

Akaitazama hadi mwisho, peke yake. Wengine walikuwa wakitazama miguu yao.

Bediako aliitwa, akatozwa kondoo na pombe ya kuwamwagia wahenga chini, akakatazwa kuingia nyumba ile. Haki ilitendeka. Lakini Kumasi, kila alikopita, watoto walimwimbia jiwe la chumvi, na kila mwongozaji aliyempigia alitaka arudie. Alikataa wa kwanza, akakataa wa pili, kisha simu ikaacha kulia.

Serwaa aliporudi kijijini baada ya mavuno, alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti kizuri, kile chenye mto. Hakuna aliyemkosea. Walimsalimia wa kwanza. Walimnyang'anya ufagio, wakimwambia apumzike. Mwanamke mmoja wa ukoo na wifi yake walikuwa wamegombana wiki ile, na walipatanishwa kwenye nyumba nyingine, ili tu wasimchoshe.

"Twende Kumasi, mama."

"Nikafanye nini? Hapa ndipo kwangu." Kisha akauliza, bila kumtazama, "Mumeo anafanya nini siku hizi?"

"Hafanyi kitu. Wala hasemi."

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani."

Mkwe mdogo wa Opanyin Dwumfuo akatoka jikoni na sinia, kama ilivyo desturi ya kumkaribisha mgeni aliyetoka safari. Akapiga goti kwa adabu. Juu ya sinia kulikuwa na glasi mbili za maji, ya Serwaa na ya Eno Birago.

Eno Birago alizaliwa kwenye nyumba ile, chumba cha pili kushoto, na maji ya ua ule alikuwa akichota mwenyewe. Aliitazama glasi. Akaipokea kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopaswa, akashukuru, akanywa.