Nilivyomtuma Fundi Akaniulizie Goti

Kwa miaka mitatu nimekana kwamba mimi ndiye niliyemshauri fundi asirudi hospitali. Nimekana mbele ya kaka yangu. Nimekana mbele ya binti wa fundi, aliyekuja kutoka Mtwara na begi la mgongoni na hasira zake zote. Mara moja nimekana mbele ya kioo cha bafuni, ambako hakuna hata mtu aliyeniuliza. Leo naandika: ni mimi. Nilimwambia mchana kweupe, kwa sauti kamili, nikiwa nimeegemea ukuta wa korido huku nikila karanga zake.

Fundi ni jirani yangu. Tunakaa ghorofa ya tatu ya jengo moja hapa Kariakoo, jengo ambalo lifti yake iliharibika kabla sijahamia na sasa ni stoo ya ndoo. Cherehani yake ya miguu ameiweka koridoni karibu na mlango wangu, maana hapo ndipo penye mwanga. Ni mwanamke wa Newala, amenizidi miaka michache, na ananiita mwalimu ingawa sijawahi kumfundisha mtu kitu. Katika jengo letu, mwanamke mwenye vitabu vingi kuliko vyombo hana jina lingine.

Goti lililoanzisha mambo lilikuwa langu. Watu nimewaambia niligongwa na bodaboda pale Mnazi Mmoja. Hilo nalo si kweli, na nalikiri kwa kupita tu. Niliumia saluni, nikiinuka kwenye kigoda baada ya kusukwa. Kitu kililia ndani ya goti kama njiti ya kiberiti inayovunjika, na kuanzia wiki iliyofuata ngazi za jengo letu zikawa zimeongezeka.

Nikaenda kwa daktari wa mifupa. Alikuwa kijana, mpole, na kalamu mbili mfukoni. Akanipinda goti, akalinyoosha, akalizungusha, akaangalia picha iliyopigwa kwenye ule mtambo unaogonga kama fundi bati. Akasema gegedu, ile nyama ngumu inayokaa kati ya mifupa kama kibanzi cha mpira, imechanika kidogo, na mchaniko wenyewe ni wa uchakavu.

"Uchakavu," nikarudia.

"Wa umri, mama. Ni kawaida kabisa."

Nikamuuliza ananipasua lini. Akatabasamu. Akasema zamani wangeingiza kamera, wakapunguza pale palipochanika, wakafunga. Lakini utafiti wa miaka ya karibuni, tena si wa sehemu moja, umeonyesha kwamba watu wengi wa umri wangu wenye goti la aina hii, wakifanya mazoezi vizuri kwa miezi kadhaa, wanafika palepale wanapofika waliopasuliwa. Akanipa karatasi. Ilikuwa na michoro ya mtu asiye na uso: anakaa kwenye kiti na kusimama, anabana msuli wa paja, anapanda ngazi moja na kushuka.

"Nimekuja kwa sababu siwezi kupanda ngazi," nikamwambia. "Na dawa yake ni kupanda ngazi?"

"Taratibu, mama. Moja moja."

Nilitoka na karatasi ile nikiwa na hakika kwamba nimepigwa, kama mnunuzi mgeni sokoni. Lazima nieleze hapa kwamba nimewahi kuandika makala ndefu gazetini nikiwasihi wananchi wawaamini wataalamu. Niliipenda sana. Ilikuwa na aya moja kali kuhusu watu wanaobishana na daktari. Sasa nilikuwa nashuka ngazi za hospitali kwa mguu mmoja, nikijiuliza ni kitu gani kijana yule ananificha. Labda bima yangu haifiki. Labda kamera yao mbovu. Labda ameniangalia, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akaona hakuna haja ya kuharibu nyuzi.

Nikaenda kusoma mwenyewe, maana ndivyo tulivyofundishwa chuo kikuu: ukitukanwa, nenda maktaba. Nikakuta daktari hakusema uongo. Nikakuta hata watafiti waliowalaza baadhi ya wagonjwa, wakawachana ngozi na kuishona bila kugusa kitu ndani, wagonjwa wenyewe wakiwa wamekubali kupangwa kwa kura bila kujua, ili waone kama upasuaji wa kweli utashinda ule wa bandia. Haukushinda kwa kiasi cha kujivunia. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi niliona jambo moja tu: kumbe kuna watu wanapasuliwa feki na wanaamka wanashukuru. Kwetu Kariakoo anayefanya hivyo anakimbizwa mtaa mzima. Huko anaandika ripoti.

Ndipo nikamkumbuka baba. Baba alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akafungua duka la vyombo mitaa miwili kutoka ninapokaa sasa. Mimi na kaka tumekulia nyuma ya masufuria. Alitufundisha namna ya kujua kama duka ni la kweli. Unaingia mwenyewe, unauliza bei, unatoka. Halafu unamtuma mwingine asiyefanana na wewe hata kidogo: kama wewe ni Mchaga wa dukani, unamtuma mama wa kanga mbili, au mzee wa kofia. Anauliza kitu kilekile. Majibu yakilingana, duka ni la kweli. Yakitofautiana, mmoja wenu anapigwa, na kazi iliyobaki ni kujua nani. Nikiwa na miaka tisa nilitumwa maduka mengi kiasi kwamba wauzaji wengine walikuwa wakiniona tu wanasema, "Mwambie baba yako hatujapandisha."

Basi nikamtuma fundi.

"Niende nikaseme nini?" akaniuliza, mguu juu ya kanyagio la cherehani.

"Sema goti linauma. Maneno yaleyale niliyosema mimi. Ngazi zinakushinda. Halafu sikiliza anakwambia nini."

"Yaani nikadanganye daktari."

"Unaulizia tu, fundi. Huku Kariakoo kuulizia si kudanganya."

Akacheka. "Wasomi nyie mna kazi." Lakini akakubali, haraka kuliko nilivyotegemea, na hilo lilipaswa kunishtua. Alikuwa na kadi ya bima, kama mzazi wa binti yake aliye karani wa halmashauri huko Mtwara, na kadi hiyo, alisema, imekaa tu kwenye kabati inazeeka.

Alienda mara mbili, mara ya kwanza kuonwa na mara ya pili kupigwa picha. Siku ile ya pili alirudi saa nane mchana. Alipanda ngazi polepole sana, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa akiukunjua mguu wa kulia. Alikaa kwenye kigoda chake, akafungua mfuko wa karanga, akanipa.

"Enhe?" nikasema. "Kakwambia ufanye mazoezi?"

"Kaniambia nipasuliwe. Mapema."

Nikaacha kutafuna.

"Kasema kipande kimechanika chote, kimegeuka, kimeingia katikati kama kitambaa kilichobanwa na mlango. Ndiyo maana goti halinyooki. Mazoezi peke yake hayawezi kukitoa. Nikikaa sana kitasagika, na mfupa nao utaharibika."

"Lakini wewe huumwi! Ulikuwa unaigiza!"

"Sikuigiza, mwalimu." Akapandisha kanga kidogo. Goti lilikuwa limevimba, na mguu umebaki umepinda kama kiwiko. Aliteleza ngazini wakati amebeba jora la kitambaa, akaangukia mguu umejikunja. Hakusema kwa sababu fundi wa cherehani ya miguu akijulikana ana mguu mbovu, wateja wanahamia kwa mwingine kabla ya Ijumaa. Kazi ile ndiyo iliyomlisha na kumsomeshea mtoto. Kwa wiki mbili alikuwa akikanyagia mguu wa kushoto tu, mita moja na nusu kutoka mlango wangu, na mimi, mwandishi ninayesifiwa kwa kuona mambo madogo, sikuwa nimeona.

Hapo ningeweza kusema pole. Mahali pa pole palikuwepo kabisa. Badala yake nikahisi wivu, kisha mahesabu ya baba yakanipanda kichwani: majibu hayalingani, mmoja wetu anapigwa.

"Usirudi kule," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Fikiria mwenyewe. Mimi wananiambia nipande ngazi, wewe wanakuambia kisu. Goti na goti. Wanatafuta mtu wa kujifunzia. Wamekuona fundi wa koridoni, huna wa kuuliza, wakasema huyu huyu. Mimi nimesoma, fundi. Utafiti wenyewe unasema kupasua hakuna faida."

Akakusanya maganda ya karanga kwenye kiganja chake.

"Kwa hiyo wewe umeambiwa mazoezi, wanakubania. Mimi nimeambiwa upasuaji, wananionea. Wangebadilisha je? Mimi mazoezi, wewe kisu?"

Nikafungua mdomo. Najua nilichotaka kusema. Nilitaka kusema kwamba hapo wangekuwa wananipendelea mimi kwa sababu ya bima na wanambania yeye kwa sababu ya umaskini. Nikaufunga.

"Nakutakia mema tu," nikasema.

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana naogopa."

Wiki zikapita. Cherehani ikawa inalia kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha kimya. Kila nikipita nilimkuta anashona pindo kwa mkono, mguu ameuweka juu ya ndoo. Tulisalimiana: habari za leo, nzuri, mguu je, upo. Kaka yangu alipokuja kunitembelea alimwona akishuka kwa kukalia ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto. Akaniuliza, "Huyo mama hajaenda hospitali?" Nikamjibu sijui, watu wa huku wana mambo yao. Hivyo ndivyo nilivyoanza kukana.

Mimi nilikuwa na siri yangu nyingine. Nilikuwa nimeanza mazoezi ya yule mtu asiye na uso, kwa nia moja tu: nishindwe, nirudi kwa daktari na ushahidi. Kila asubuhi nilifunga mlango na kusimama na kukaa, moja mpaka kumi, mara tatu. Mwezi wa pili ukaisha na ushahidi ukawa unanigeukia. Nilikuwa nafika ghorofa ya tatu nikiwa bado naongea na simu. Mbele za watu nikaendelea kuchechemea, kwa heshima ya maneno yangu mwenyewe, ingawa siku nyingine nilisahau ni mguu upi.

Kisha fundi akaniaga. Anaenda Newala, alisema, kuna msiba wa shangazi yake. Nikampa pole. Lakini aliposhuka nilikwenda dirishani. Begi lake lilikuwa dogo mno kwa safari ya kusini: chupa ya chai, kanga mbili, basi. Na bajaji aliyopanda haikwenda upande wa mabasi ya Mtwara. Ilikata upande mwingine kabisa. Nikajua. Anakwenda Buguruni, kwa mzee mmoja anayevuta mifupa kwa mafuta ya moto. Nilijisikia nimedanganywa, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilijisikia nimeshinda: angalau mimi nilisoma utafiti kabla ya kuukataa.

Siku nne hakukuwa na habari. Jumamosi, kama saa sita mchana, nilikuwa namenya ndizi za mtori simu ikaita.

"Mwalimu, mambo?"

"Fundi! Umefika salama? Poleni na msiba."

"Hakuna msiba. Niko wodini. Kitanda cha dirishani, naona mpaka Jangwani kote. Nimefanyiwa juzi."

Nikaweka kisu mezani. Nikamuuliza amefanyiwa na nani, kana kwamba hilo lilikuwa na maana.

"Na yuleyule kijana wa kalamu mbili. Kakitoa kile kipande kilichobana, kingine kakishona. Kasema ningekuja mapema angeshona kingi zaidi."

Ndani ya simu nilisikia sahani za bati na mtu akiita mgonjwa wa drip.

"Aliniuliza kwa nini nimechelewa wiki tisa," fundi akaendelea. "Nimemwambia kulikuwa na msiba. Mwanangu naye nimemwambia hivyohivyo. Akikuuliza, we jibu unavyotaka."

"Fundi, mimi..."

"Ngoja kwanza. Leo asubuhi nimelinyoosha. Lote, mwalimu. Limelala kitandani bapa kama rula, nimeliangalia mpaka nesi akanicheka. Sasa sikiliza, shida yangu iko hapa. Wamenipa karatasi ya mazoezi. Yule mtu asiye na sura, anakaa, anasimama, anapanda ngazi."

"Ileile?"

"Ileile. Kasema bila hiyo upasuaji wenyewe ni bure. Sasa yangu imemwagikiwa uji. Ukija kuniona usiniletee machungwa. Niletee ya kwako."

Nikamwambia sijui kama bado ninayo. Huenda niliitupa siku ileile.

"We mwanamke," akasema fundi, "ukuta wetu ni wa mbao. Miezi miwili nakusikiaga kila asubuhi unahesabu mpaka kumi. Bandua hiyo karatasi niliyoiona kwenye friji yako, uje. Na ukifika hapa tembea vizuri, daktari yupo mpaka saa tisa."