Mkondo wa Bi Mwamini

Watu wa mtaa ule wa Kibiti, upande wa chini wa barabara kuu, walimcheka Mwamini kwa jambo moja: aliyafungulia maji mlango. Wenzake, mvua zikikaribia, walileta kifusi kwa malori, wakakishindilia, wakainua viwanja vyao mpaka mgeni akawa anapanda ngazi kuingia barazani. Yeye alichukua jembe akachimba mfereji ubavuni mwa nyumba yake, kina cha goti, upana wa hatua moja kubwa, akapanda ukoka kwenye kingo zake ili udongo usimomonyoke. Masika yakija, maji yalishuka, yakapita hapo, yakaenda zake bondeni.

"Nyie watu wa Delta," Sufiani alikuwa akimwambia kutoka juu ya baraza lake, "bila maji mlangoni usingizi hauji. Mwaka huu unafuga kamba au kambale?"

"Wote, Sufiani. Ukija kula, njoo na ndimu."

Watu wakacheka, naye akacheka, kwa sababu wakati huo ilikuwa mizaha tu.

Alizaliwa Salale, kwenye Delta ya Rufiji, akaolewa hukohuko na Hashimu, mkata mikoko, mtu mpole aliyenuka tope la chumvi hata siku ya Idi. Walilima mpunga mpaka maji ya bahari yalipoanza kupanda mashambani na kuuchoma mpunga ungali mchanga. Wakahamisha shamba, chumvi ikawafuata. Hashimu akafa kwa homa ya siku nne, na Mwamini, akiwa na miaka hamsini na minne, akapakia kwenye mashua boriti arobaini za mikoko ambazo marehemu alizikata kwa ajili ya nyumba ambayo hakuijenga. Kutoka pwani zilikuja kwa lori. Kwa jasho la miaka sita ya kusuka mikeka alipata kiwanja, tofali na bati, na juu ya vichwa vya vyumba vyake vitatu zikalazwa boriti za Hashimu. Hakubahatika kupata mtoto. Nyumba ile ndiyo kitu pekee duniani kilichoonyesha kwamba yeye na Hashimu waliwahi kuishi pamoja.

Kule Salale mtoto hufundishwa majina ya mikondo kama anavyofundishwa majina ya shangazi zake. Mgeni akifika kwa mtumbwi akauliza maji ya kina yako wapi, anaambiwa kweli, hata akiwa adui, hata akiwa amekuja kudai mke. Mama yake Mwamini alikuwa na neno lake: ukimdanganya mtu juu ya mali umemwibia, ukimdanganya juu ya maji umemzika. Mwamini alihama na boriti zake, na neno hilo akahama nalo.

Mkondo wa asili wa mtaa ule haukupita kwake. Chini ya barabara kuu kuna karavati, na maji yote ya upande wa juu hutokea hapo. Zamani yaliteremka katikati ya kiwanja kilichokuwa na magugu matupu. Kisha Sufiani akakinunua, akakijaza kifusi hadi usawa wa barabara, akasimamisha fremu sita za maduka. Maji yalipofika yakakuta ukuta, yakageuka, yakaingia kwa Mwamini mpaka usawa wa kitanda.

Alikwenda kumwona. "Baba, umeziba njia."

"Njia gani, Bi Mwamini? Mimi nina hati. Nisomee kwenye hati palipoandikwa maji."

Ndipo alipochimba mfereji. Hakuuchimba kwa upole wa moyo, kama wengine walivyodhani. Aliuchimba kwa sababu maji hayabishani na mtu, na yeye alikuwa amechoka kulala juu ya meza.

Ikaja ile masika ambayo haikujua kunyamaza. Kule bondeni ukuta wa nyumba moja ulianguka juu ya mzee aliyekuwa akiswali adhuhuri. Baada ya maziko zikaletwa kanuni. Saidy, mtendaji wa mtaa, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alizisoma mbele ya mkutano: ni marufuku kuelekeza maji ya mvua kwa jirani, kila anayejenga aache njia ya maji, na atakayekutwa amejenga ndani ya mita tano kutoka katikati ya mkondo, upande wowote, atabomoa mwenyewe kwa gharama yake.

Mwamini alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Ilikuwa kama kumsikia mama yake akisomwa kwenye karatasi yenye muhuri. Akawaza: sasa Sufiani atajua.

Afisa aliyetumwa kupima aliitwa Sabra, binti mwenye viatu vizuri vilivyokwisha kuharibika kwa matope kabla ya saa nne asubuhi. Alifuatana na Saidy, mkononi ana kifaa cha kupimia, na mlango kwa mlango aliuliza swali moja: maji hupita wapi?

"Maji?" Sufiani alishangaa. "Hapa kwangu? Afisa, hapa hata ukitema mate hayatuami."

Sabra akavuka kwa Mwanahalima, shoga yake Mwamini, aliyeishi kiwanja kinachofuata upande wa chini. "Mie mgeni hapa," alisema Mwanahalima, mwaka wake wa kumi na moja katika nyumba ile. "Sijui kitu."

Mwamini aliyasikia yote kutoka uani. Uso ulimuwaka kwa haya, kana kwamba amesimama ufukweni watu wake wakimpotosha mpiga kasia. Akajifunga kanga kiunoni akatoka.

"Shikamoo mama," alisema Sabra.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nifuate nikuoneshe. Hawa wamesahau."

Akamwongoza kuanzia karavati. Akamwonesha pale maji yanapotokea, pale yanapogonga ukuta wa Sufiani, pale yanapojikunja. "Mkondo wenyewe uko chini ya fremu hizi. Huu wangu nimechimba mimi, wa msaada tu, yasije yakatuzamisha."

"Umechimba wewe?"

"Kwa mikono hii."

"Na maji hupita humu kila mwaka?"

"Masika na vuli. Hayajawahi kunikosa."

Sabra alikuwa akiandika. "Laiti wote wangekuwa kama wewe, mama," alisema, na alimaanisha. Akampa karatasi atie sahihi. Mwamini alijifunza kuandika ukubwani, darasa la jioni la watu wazima. Herufi zake zilikuwa za taratibu na nzuri. Aliandika jina lote.

Sufiani alikuwa akitazama kutoka barazani. Safari hii hakufanya mzaha. Alishuka ngazi zake moja moja, akaja mpaka ukingoni mwa mfereji. "Ni kweli, afisa," alisema. "Nilikuwa nimesahau. Mkondo ni huu wa Bi Mwamini. Ndio wa asili. Andika hivyohivyo."

"Sufiani! Mwogope Mungu."

"Mimi nimesema nini? Si wewe mwenyewe umesema hayajawahi kukukosa?"

Wiki mbili baadaye Mwamini alitoka kwenda dukani kununua chumvi. Aliporudi akakuta ukuta wake wa mbele umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, bado mbichi, inachuruzika. Chini yake iliandikwa: siku thelathini. Kutoka katikati ya mfereji hadi nyumbani kwake palikuwa na hatua tatu. Fremu za Sufiani zilikuwa umbali wa mita saba.

Alikwenda ofisini. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka Sabra alipomwita.

"Mama, mimi napima nilichokiona kwa macho. Mkondo upo, unapitisha maji, na sahihi yako hii hapa. Chini ya fremu nimeona saruji."

"Saruji imekuja juzi, mwanangu. Maji ni ya tangu na tangu."

Sabra alisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikumsaidia Mwamini hata chembe. "Niletee majirani watatu," alisema hatimaye, "waandike kwamba mkondo wa asili ulipita kwa Sufiani. Nikipata hao, nitarudi kupima upya. Na uwalete kabla ya siku thelathini."

Majirani watatu! Mwamini alirudi anatembea kama msichana. Nyumba tisa zilijua, na yeye alihitaji tatu.

Nyumba ya kwanza, mwenyewe alikuwa amesafiri, ingawa kikohozi chake kilisikika chumbani. Ya pili, walimkaribisha chai, wakazungumzia bei ya sukari mpaka akaaga. Ya tatu, mzee Bushiri, aliyewahi kuvua kambale kwa mkono palepale penye fremu, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bibi, mimi macho yangu siku hizi hayaoni." Nyingine zikamjibu vivyo hivyo. Kwa Mwanahalima alikwenda mwisho, kwa sababu huko hakuwa na wasiwasi.

Mwanahalima alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Shoga, nikisema mkondo ulipita kwa Sufiani, watauliza kutoka hapo ulikwenda wapi."

"Si utawaambia."

"Ulikuja hapa." Akagonga sakafu kwa kisigino. "Hapa, chini ya kitanda changu. Unadhani mimi kifusi nilileta kwa kucheza? Ningesema, Mwamini. Wallahi ningesema. Lakini na mimi wangenipima."

Mwamini alitazama sakafu ile ya saruji, imesuguliwa, inang'aa. Ikamjia kwamba hakuna hata mmoja katika nyumba tisa aliyemchukia. Angechukiwa, angejua pa kupeleka hasira. Lakini walichokitaka wote kilikuwa kitu kilekile alichokitaka yeye, kulala pakavu, na palikuwa na nyumba moja tu ya kulipia usingizi wa wote.

Siku ya ishirini na sita Saidy alimpitia, akazungumza kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Bibi, mvua bado. Ungeufukia tu. Lori moja. Wakija wakikuta hakuna mfereji, watabomoa kwa sababu gani?"

Alfajiri yake Mwamini alishika koleo. Akatupa udongo mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ukoka ukafunikwa. Kisha akasimama na kufuata kwa macho njia ambayo maji yangeshika: yasingempanda Sufiani, aliyeinuka kuliko wote. Yangeshuka kwa Mwanahalima, yakapasua sakafu ile inayong'aa, yakaenda kwenye nyumba za bondeni ambazo ukuta wake mmoja ulikwisha kuua. Akaingia mferejini akautoa udongo alioutupa, koleo kwa koleo.

Aliibomoa nyumba mwenyewe, kama kanuni ilivyotaka, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipia wabomoaji. Vijana wawili walimsaidia kwa malipo ya bati. Tofali nyingi zilivunjika. Boriti za Hashimu zilitoka nzima, nyekundu ndani kama siku zilipokatwa, naye akazipanga uwanjani azitafutie pa kuziweka. Mafundi waliokuja kujenga mtaro wa mawe walizikuta, wakadhani ni za kazi. Wakazikata vipande vya mita moja wakaegemezea kuta za mtaro mpaka saruji ikauke. Mwamini alipofika zilikuwa zimekwisha kukatwa zote arobaini. Msimamizi alimwomba radhi kwa adabu sana.

Kwa kuwa kila mtaro lazima uwe na jina kwenye karatasi, huu uliandikwa kama ulivyokwisha kuandikwa: Mkondo wa Bi Mwamini. Walitundika kibao.

Mwanahalima alimpa chumba cha uani, na hakumtoza. Asubuhi alimletea chai, akaiweka mlangoni, akaondoka upesi.

Vuli ikanyesha. Maji yalitoka kwenye karavati, yakashuka mtaroni bila kelele, yakaenda bondeni. Hakuna aliyelowa. Watu walisema, kumbe mtaro huu ungejengwa zamani.

Mwezi uliofuata Saidy alileta barua. Aliisoma mwenyewe kwa sababu Mwamini alisema miwani yake imevunjika. Kiwanja kwa mujibu wa kumbukumbu bado ni chake. Mtaro umo ndani ya kiwanja chake. Na mwenye kiwanja ndiye mwenye wajibu wa kuusafisha mtaro uliomo kiwanjani mwake, kila Jumamosi, na asipofanya hivyo atafikishwa mahakamani.

"Changu?" Mwamini aliuliza. "Naruhusiwa kujenga hata choo?"

"Hapana, bibi. Ni ndani ya mita tano."

"Kupanda mchicha?"

"Hapana."

"Basi changu kwa lipi?"

Saidy aliikunja barua mara mbili. "Kwa usafi," alisema, na akaona haya kwa neno lake mwenyewe.

Jumamosi Mwamini alikwenda na reki na ndoo. Biashara ya Sufiani ilikuwa imechanganya. Katika fremu moja walikaanga chipsi, na wateja walirusha mifuko na maganda ya mayai moja kwa moja mtaroni. Aliinama, akazoa, akamwaga jalalani, akarudi. Jua lilikuwa limesimama utosini. Alipofika mwisho akaunyoosha mgongo, akashika ndoo aende zake.

"Bi Mwamini!" Sufiani alimwita kutoka juu. Hakumdhihaki. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake. "Pale kwenye kona umeacha."

Mwamini akageuka kutazama. Ni kweli, palikuwa na mfuko mmoja umenasa kwenye jiwe. Mvua ikija ungekusanya mingine, na mingine ingeziba, na maji yangetafuta pengine pa kupita.

Akaweka ndoo chini, akashuka tena mtaroni.