Kiti Kimoja cha Fundi wa Nguo

Wifi yangu alipokuja kuishi kwetu alikuwa na miaka kumi na sita, na hakujua hata kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimsimulia huanzia katikati, kwenye mapazia ya hoteli na picha yake ukutani kwa mpiga chapa, kana kwamba alizaliwa na utepe wa kupimia shingoni. Mimi nilikuwepo. Yeye ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa mama yao, na aliyemkalisha kwenye cherehani kwa mara ya kwanza ni mimi.

Nyumbani tulimwita Redio. Hilo jina nalo nilimpa mimi. Aliamka akiongea, akapiga mswaki akiongea, na ukimtuma chumvi alirudi na chumvi pamoja na habari za nyumba saba. Nilimfundisha miaka mitatu. Kwanza vifungo, halafu pindo, mwisho kola, maana kola ndiyo inayomtenga fundi na mshona magunia. Kola za Redio hazikuwahi kukaa sawa. Mpaka leo ukitazama vizuri, ncha ya kushoto inainama kidogo. Sisemi kwa ubaya.

Kibanda changu kipo kwenye kona, kinatazamana na geti la shule. Mpaka habari hii inatokea nilikuwa nimewashonea watoto wa shule ile miaka ishirini na sita: gauni la bluu, kola nyeupe, marinda sita mbele na sita nyuma. Mzee mwenye shule hakuwahi kuniandikia barua wala kunitaka saini. Kila mwisho wa mwaka alivuka barabara, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akasema, "Mama, kama kawaida," nami nikajibu, "Sawa, Mzee." Mazungumzo yetu ya biashara yalikuwa ni hayo tu. Sikuwahi kumwomba mtu kazi maishani mwangu. Nilijivunia jambo hilo, na nikijichunguza sana naona bado najivunia.

Redio alipoolewa alifungua chumba chake cha kushonea barabara hiyo hiyo, upande wa pili, milango mitatu kutoka getini. Mume wangu aliniuliza kama nina kinyongo. Nikamjibu kinyongo cha nini, mtoto si nimemlea mwenyewe. Kesho yake nikageuza cherehani yangu ikaangalia mlangoni. Kwa ajili ya mwanga.

Sasa, habari ya kikundi. Mpiga chapa wa mtaani kwetu, kijana mpole mwenye vidole vyeusi vya wino, alinijia asubuhi moja akiwa na kadi. Akaeleza kwamba wenye biashara ndogondogo wameanza kukutana kila Jumatano kabla ya kufungua maduka, chumba cha juu ya duka la dawa. Kila mtu husimama kwa dakika mbili, akataja kazi yake na kusema waziwazi anatafuta mteja gani. Wenzake wakimjua mteja wa namna hiyo wanamwandikia jina la mteja huyo kwenye karatasi ya njano na kumkabidhi. Sharti lao kubwa ni kwamba kila kazi ina kiti kimoja. Fundi bomba mmoja, mpiga picha mmoja, fundi wa nguo mmoja.

"Nimeanza kwako, Mama," akasema, "kwa sababu kiti ni kimoja na wewe ndiye mkubwa."

Nikamuuliza kama anataka nisimame mbele za watu nijinadi kama muuza sumu ya panya. Nikamwambia kazi yangu inavaliwa na watoto mia nne kila siku ya Mungu, inapita barabarani kwa miguu yake yenyewe, na tangazo kubwa kuliko hilo sijaliona. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Kijana akashukuru, akaiweka kadi yake mfukoni, akavuka barabara. Redio alikuwa amekwisha kumvutia kigoda kabla hajamaliza kubisha hodi.

Hivyo ndivyo kiti kilivyokwenda. Nilikataa kwa mdomo wangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu, na hiyo ndiyo sehemu iliyonikera kuliko zote.

Karatasi zile za njano Redio alizichomeka kwenye msumari, karibu na dirisha lake. Macho yangu ya karibu yamechoka, lakini ya mbali ni mazima, na kutoka pale nilipokaa niliziona zikinenepa wiki hadi wiki. Akaja mwenye kampuni ya walinzi, akataka mashati. Akaja mwenye nyumba ya wageni, akataka aproni za wapishi. Watu wa heshima, wenye viatu vilivyong'arishwa, wanapita mlango wangu bila hata kugeuza shingo, wanaingia kwa mtu ambaye kola zake nazijua. Nilikuwa nikishona huku nimekaza taya mpaka jino likaanza kuuma.

Jumatano mchana Redio alikuwa na desturi ya kuja kunywa chai kwangu, na chai yenyewe ikaja na taarifa nzima. Sikuwa nikimuuliza, ila sikumkataza pia. Siku moja aliniambia kwamba katika karatasi kumi, saba ni hewa tupu. Mmoja hapokei simu, mwingine alitaka zipu tu, mwingine jina lake liliandikwa na mwanakikundi asiyemjua kabisa, ili naye aonekane ametoa karatasi. Katika kumi unapata watatu. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Wakati wa chakula nikamsimulia mume wangu, nikaongeza na vyangu kidogo, kwamba kikundi chenyewe ni makofi na chai tu.

"Hata hao watatu wewe huna," akasema, akaendelea kutafuna.

Siku mbili zilizofuata chakula chake kilifika mezani kimepoa.

Halafu Mzee mwenye shule akafariki, na binti yake aliyekuwa akifanya kazi mbali akarudi kuirithi. Mwisho wa mwaka ukafika, mlangoni pangu hakusimama mtu na kofia mkononi. Nilingoja. Nilinunua hata kitambaa cha bluu, robo ya kile cha kawaida, ili nisionekane nimeshtuka. Redio ndiye aliyeniletea habari. Yule binti amejiunga na kikundi, amechukua kiti cha shule, na anataka sare mpya, ya kijani. Atachagua fundi Jumatano ya mwisho ya mwezi.

Nikamuuliza, taratibu, kama amekwisha kumwomba kazi hiyo.

"Bado," akasema, akanywa chai.

Hiyo "bado" niliitafuna wiki nzima. Mtu asiyejua kazi yetu anaweza kuona ni shule moja tu. Lakini toa shule ile kwenye kibanda changu, uone kinachobaki: zipu, viraka, na suruali za wanaume walionenepa. Mimi, fundi wa shule, ningekuwa mrekebishaji, katika umri huu, mbele ya geti lile lile. Na sare zingeshonwa milango mitatu kutoka pale, na kola zinazoinama.

Mgeni aliruhusiwa kuhudhuria mkutano mmoja tu. Jumatano ya mwisho nikavaa gauni langu la kijivu nililoshona kwa mkono wangu, nikapanda ngazi za duka la dawa nikishika ukuta.

Chumba kilinuka dawa ya vidonda. Viti vya plastiki vilipangwa duara, madirisha makubwa yalikuwa matupu, jua linapiga watu usoni wanakunja macho kama wanaolia. Mpiga chapa ndiye aliyekuwa mwenyekiti, simu yake mkononi, na dakika mbili za mtu zikiisha ililia kengele. Redio aliponiona alinisogezea kiti kando yake. Hakuuliza kilichonileta. Ng'ambo ya duara alikaa yule binti mwenye shule, daftari mapajani.

Fundi bomba alisimama akasema anatafuta mwenye nyumba ambaye bomba lake linavuja na mkewe amechoka kusema. Watu wakacheka, na nikaona watatu wanaandika. Nikashangaa. Kumbe kuomba kwenyewe kunaweza kuwa hivyo, bila mtu kupiga magoti.

Ikafika zamu ya Redio. Nikashika pembe ya kiti changu.

Alisema wiki hii anatafuta mtu mmoja tu, mwenye hoteli mpya inayojengwa barabara ya juu, kwa sababu anataka madirisha yake yote. Mpiga chapa akamkatiza kwa upole, akamkumbusha kwamba mapazia si nguo, na kiti chake ni cha nguo.

"Ndiyo nataka kuhama," Redio akasema. "Kiti cha mapazia hakina mtu. Cha nguo, mwenyewe amekuja leo. Ndiye aliyenifundisha."

Wote wakanigeukia. Mtu atadhani nilishukuru. Joto lilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Nipewe kiti na msichana niliyemwonyesha sindano inashikwa upande gani, tena mbele za watu, kama gauni lililombana yeye akanirithisha mimi?

"Nani kakuomba?" nikamnong'oneza.

"Hujaomba, wifi. Hujawahi kuomba," akaninong'oneza na yeye. "Sasa inuka uombe, dakika zako zinakwenda."

Nikainuka. Nikasema mimi ni fundi, nimeshona sare za shule ya Mzee miaka ishirini na sita. Nikamtazama yule binti, nikingoja anitambue, naye akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa jirani.

"Samahani, Mama," akasema. "Mimi nilidhani baba alikuwa akizinunua dukani."

Miaka ishirini na sita. Tangazo langu lilikuwa limepita barabarani kwa miguu yake, na halikuwa limetaja jina langu hata siku moja.

Wifi yangu akanigusa kisigino kwa ncha ya kiatu.

"Natafuta shule," nikasema. "Hii yako. Nataka kushona sare mpya. Naomba kazi hiyo." Na kwa kuwa neno lilikwisha kutoka na sikufa, nikaendelea. "Bega lako la kulia, binti, liko chini kuliko la kushoto. Nililiona kutoka kibandani kwangu, ukiingia getini. Tangu darasa la kwanza mpaka la saba nilikupunguzia gauni upande mmoja ili kola yako ikae sawa. Hukujua, kwa sababu ilikaa sawa."

Akainua mkono akajishika bega. Kengele ya simu ikalia.

Hakuandika karatasi ya njano siku ile. Alisema nimpelekee gauni la mfano Jumatatu, nikampelekea, kijani, marinda manane. Kazi nikapata mimi, na kiti cha nguo nimekikalia mwaka wa tatu huu.

Mafundi wadogo huniuliza kama kikundi kina faida kwa mwenye kibanda kimoja. Nawaambia kweli: asubuhi nzima inapotea, na karatasi kumi ni watu watatu. Anayekwenda kukaa na kunywa chai abaki kwake ashone. Anayeweza kufungua mdomo akasema anachokitaka, aende, na aende kabla kiti hakijachukuliwa. Mimi ningekwenda siku ile ya kadi ningekuwa mbali.

Maana Redio ndiye aliyekwenda mbali. Hoteli aliipata, madirisha yote. Baada ya hoteli zikaja ofisi mbili na ukumbi wa harusi. Ana wasichana wanne wanaokanyaga cherehani, na mpiga chapa amebandika picha yake ukutani kuonyesha wageni faida ya kikundi. Jumatano iliyopita alipewa karatasi tano. Mimi nilipata moja, ya kinyozi anayetaka makoti mawili meupe. Nilikunja yangu nikaitia kwenye pochi. Zake nilizihesabu mara mbili.

Chumba kile cha juu ya duka la dawa nacho sasa kina mapazia, mazito, ya rangi ya kahawia, hakuna anayekunja macho tena. Nayatazama kila wiki watu wakiongea. Nimetafuta kosa kuanzia juu mpaka kwenye pindo, na pindo limenyooka kama rula. Nilimfundisha vizuri. Na mapazia hayana kola.

Kumshukuru bado. Nimemshonea gauni, la rangi ya krimu, na nimelitia kola pana yenye ncha mbili. Zote zimekaa sawa. Atalivaa Jumatano, na pale wote wataiona kola hiyo.