Majina ya Hitima Katika Kompyuta ya Abdulrazak

Abdulrazak wa Nianjema ni msoma mita za maji, na kama kuna mtu Bagamoyo anayejua mita ya nani imefichwa nyuma ya banda la kuku, ndiye yeye. Ni mtu wa uhakika, na uhakika wake umepita kiasi. Akitawadha huosha kiwiko mara tatu, kisha humwingia shaka kwamba labda zilikuwa mbili, akaanza udhu upya tangu mwanzo. Wenzake humaliza rakaa ya kwanza yeye bado yuko bombani. Mkewe, Adila, husema mwizi wa maji anayetafutwa mji mzima analala chumbani kwake.

Kwa uhakika huo ndipo ukoo ukamkabidhi majina. Kila Shaaban, kabla mwezi mtukufu haujaandama, ukoo hukusanyika kwake kusoma hitima, na kabla ya dua marehemu hutajwa mmoja mmoja, jina lake na la baba yake. Anayetajwa hupata fungu lake. Anayesahauliwa, ndivyo wanavyoamini, hubaki akingoja. Zamani majina yote yalikuwa kichwani mwa baba yake mkubwa, Mzee Bwanausi. Mzee alipoanza kuumwa alimwita Abdulrazak, akamsomea majina muda wa miezi miwili, naye akiandika, hadi yakafika mia na sitini na saba. Wa mwisho walikuwa watoto wachanga waliokufa zamani, ambao hata makaburi yao hayajulikani yalipo. Wiki tatu baadaye Mzee Bwanausi naye akaongezwa kwenye orodha.

Majina hayo Abdulrazak aliyaingiza kwenye kompyuta yake ya mezani, ya mtumba, ndani ya programu ya nasaba inayoonyesha kila mtu na wazazi wake. Kila mwaka huyachapa kwenye karatasi, huyasoma kwenye hitima, kisha karatasi huichoma moto. Juu yake pana Bismillahi, na ndani yake mna akina Abdallah na Abdulrahman, na karatasi ya namna hiyo haiachwi ikakanyagwa au kufungiwa karanga. Hata daftari aliloandikia mara ya kwanza alilichoma, kwa adabu zote, na hakuna mzee aliyemwambia abakize nakala moja. Nani angemwambia, na wote waliona amefanya jambo jema?

Mwaka huu, siku kumi kabla ya hitima, programu ilikataa kufunguka. Ilionyesha ukurasa mweupe, ikatetemeka kidogo, ikajifunga. Abdulrazak aliizima kompyuta, akaiwasha, akaona yale yale. Alikuwa amesikia kwamba dawa ya programu mbovu ni kuiondoa na kuiweka upya, naye neno upya analipenda.

Akaiondoa. Ikafika nusu, ikamwambia haiondoki kwa kuwa bado inatumika, ingawa yeye hakuwa anaitumia. Akazima tena, akawasha tena, ikaondoka. Alipotaka kuiweka ile mpya, ikamjia na maneno mengine: haiwezi kuingia, mabaki ya ile ya zamani bado yamo.

Hapo ndipo ugonjwa wake ulipompata. Mtu mwingine angesita, akauliza. Yeye kusikia neno mabaki alihisi kama amesimama kuswali na nguo ina doa. Akaanza kuyasaka. Akakuta folda moja yenye jina la programu, akaifuta. Akakuta nyingine ndani kabisa, imejificha, akaifuta hiyo pia, na moyo ukamtulia. Kisha akakumbuka kwamba vilivyofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la takataka, na uchafu ndani ya pipa si bado uko nyumbani? Akalimwaga pipa. Akaangalia mara ya pili kuhakikisha ni tupu.

Programu mpya iliingia bila kikwazo. Ikafunguka safi, rangi zake zimekoza, na katikati ya kioo ikaandika: Karibu. Ongeza mtu wa kwanza wa familia yako.

Abdulrazak alitazama maneno yale mpaka macho yakamuuma. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kompyuta. Aliwaogopa watu mia na sitini na nane.

Adila alikuja na kikombe cha chai, akamkuta amejishika kichwa. Akaelezwa. Alikiweka kikombe chini taratibu.

"Kuchamba kwingi, Baba Samia," alisema, na asimalizie methali. Angeimalizia ingekuwa afadhali, maana mwisho wake wote wawili waliujua.

Kesho yake aliibeba kompyuta mpaka kwa Najim, fundi aliye karibu na stendi. Najim alikaa nayo siku mbili.

"Mzee, ile folda ya pili ndiyo iliyokuwa na majina yako," alimwambia. "Ungefuta tu ukaniletea, ningeyatoa yote. Ila umemwaga pipa, halafu ukaweka programu mpya juu yake. Nimepata haya."

Yalikuwa majina kumi na tisa, mengine yamekatika katikati. Abdulrazak akaongeza aliyoyakumbuka mwenyewe, yakafika sitini na moja. Wakubwa walikuwamo, masheikh na wenye mashamba, kwa sababu hao hutajwa hata barazani. Waliokosekana ni wale wasio na mtu wa kuwataja.

Aliyebaki katika wazee alikuwa mmoja tu, Bibi Ashatu wa Kerege, shangazi wa marehemu baba yake. Jumamosi Abdulrazak akamwendea, na kalamu na daftari. Njia nzima alijiapiza kusema kweli, na alipofika akashindwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wa Nianjema hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Nimekuja tuhakiki majina ya hitima, nisije nikamruka mtu."

Bibi alifurahi. Alitaja wajomba zake, akataja wake zao, mmoja aliyezikwa Lugoba na mwingine Msata. Abdulrazak aliandika mbio. Saa nzima bibi hakukosea. Wakafika kwa watoto wake mwenyewe.

"Amiri," alisema. "Na Shufaa. Na yule wa tatu, aliyeishi siku tisa."

"Huyo wa tatu, bibi, jina lake?"

Bibi Ashatu akacheka kidogo, kwa aibu.

"Huyo huwa nampata kwako. Kila mwaka nakaa nyuma ya pazia nangoja umfikie. Ukimtaja naitikia rehema, narudi naye huku Kerege, nakaa naye siku mbili tatu, kisha jina linanitoka. Uzee huu. Nilimwita siku ya saba, siku ya tisa nikamzika, sikulizoea. Mwaka huu umenijia mapema. Niambie basi, mwanangu anaitwa nani?"

Kulikuwa na majina mengi ambayo angeweza kumpa, na lolote lingempendeza. Yalimfika Abdulrazak mdomoni. Lakini mama angeitikia rehema ya mtoto asiye wake, na wake angebaki anangoja.

"Silijui, bibi," alisema. "Nimelifuta. Nimeyafuta yote kwa mkono wangu."

Bibi hakuelewa habari ya kufuta. Alidhani limempotea tu, kama linavyompotea yeye. Akamshika mkono kumliwaza.

"Usihuzunike, mjukuu wangu. Hata mimi hunitoka hivyo hivyo. Mpaka Ijumaa utakuwa umeshalikumbuka. Nami nitakuja mapema, nikae mbele, nilisikie vizuri."