Darasa la Visingizio

Chumba cha juu ya duka la magodoro kimekuwa kimya tangu Mwalimu Kesi aondoke. Madawati yapo, ubao upo, hata lile feni linalozunguka kwa kulalamika lipo. Kinachokosekana ni makelele ya watu wazima wakishtakiana wizi kwa Kiingereza, jioni baada ya jioni, hadi muuza magodoro huko chini akawa anagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Jina hilo la Kesi alipewa na wanafunzi wake, na lilimkaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwenye mkoba mkubwa kuliko haja zake na uso wa mtu aliyeficha kitu. Na kweli alikuwa ameficha. Kabla ya kila kipindi aliiba kitu kimoja, mwavuli wa mtu, kofia, au dasta ya kufutia ubao, akakitumbukiza mkobani, kisha akasimama mbele na kutangaza kwa sauti ya msibani kwamba darasa lina mwizi. Kila mmoja alitakiwa kujitetea. Aliyeishiwa visingizio alipaswa kukiri, tena kwa mbwembwe. Aliyekiri kinyonge alirudishwa kukiri upya.

Mchezo huo ulikuwa na maana yake. Vitabu viliwafundisha watu kusema "I had gone" neno kwa neno, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la saruji begani. Lakini huko nje, alisema Mwalimu, dukani na kwenye simu, hiyo "had" humezwa kama kidonge, ikabaki "d" peke yake, imemng'ang'ania mwenye kutenda kama kupe: I'd gone, she'd left, they'd eaten. Sisi tunasema "nilikuwa nimeshaondoka", tunalitafuna lote bila haraka. Wenzetu hawana subira hiyo. Na ni lini mtu huona haja ya kueleza jambo lililotangulia jambo jingine? Anapojitetea. Sahani ilipovunjika, mimi nilikuwa nimeshatoka. Kwa hiyo, alisema, anayetaka kukijua kipengele hiki na ajifunze kwanza kusingiziwa.

Kinyozi mmoja aliwahi kumuuliza atajuaje kama "d" hiyo si ile ya "would". Mwalimu akamwambia aangalie neno linalofuata, jirani ya hiyo "d". "I'd gone" ni safari iliyokwisha. "I'd go" ni tamaa tu.

"Kama wewe na ndoa," akaongeza, na kinyozi akataniwa kwa hilo wiki nzima.

Tatizo lilikuwa shemeji yake Mwalimu. Mume wa dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa mwenye shule, mtu wa tai, mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Yeye aliamini kwamba kufupisha maneno ni uvivu, na uvivu ni mlango wa nyuma wa uongo. Alipopata fununu za kesi hizo alisema atakuja kusikiliza kwa masikio yake, na akisikia upuuzi, darasa litafungwa siku hiyohiyo.

Kwa Mwalimu hilo halikuwa jambo dogo. Tangu mumewe afariki, nyumbani kwake palikuwa na saa ya ukutani na yeye, wakisikilizana. Darasa ndilo lililompa sababu ya kuvaa viatu.

Basi siku ya ukaguzi aliazimia kuwa na adabu. Akaandika ubaoni sentensi ndefu zilizovaa tai. Mkobani mlikuwa na dasta tu, aliyoichukua kwa mazoea, na hakuitaja.

Shemeji aliketi nyuma, mikono kifuani. Muda si mrefu akaanza kujipapasa: shati, suruali, koti. Akasimama.

"Simu yangu haipo," alisema. "Nani kaichukua?"

Darasa zima likamgeukia Mwalimu, kisha nyuso zikachanua moja baada ya nyingine. Kumbe leo Mwalimu kathubutu kumwibia mkubwa mwenyewe!

Kinyozi ndiye aliyefungua. Yeye asingeweza kuona kitu kwa macho yaliyofumbwa: "I'd closed my eyes before he came in." Akamnyooshea kidole dobi. Dobi, mtu mwoga ambaye hakuwahi kushinda kesi hata moja, hakujisumbua kujitetea. Alipiga magoti katikati ya madawati.

"I'd sold it before he sat down," alikiri kuiuza. "I'd cried first."

Shemeji akamkamata ukosi.

Hapo Mwalimu alijua kwamba wanadhani ni mchezo wake. Simu hakuichukua yeye, na neno moja la Kiswahili lingetosha kuuzima moto ule. Lakini aliwatazama. Watu waliokuwa wakiokota Kiingereza kama mchele uliomwagika mchangani, leo kiliwatoka bila kukitafuta, hakuna aliyetazama ubao, hakuna aliyehesabu maneno kwa vidole. Akawaacha waendelee.

Aliyeingia kumwokoa dobi alikuwa mkunga mstaafu, bibi mwenye miwani minene na kitambaa cha kichwa kisafi, ambaye kila mtu alimwona mcha Mungu. Aliinuka taratibu.

"Mwache kijana wa watu. He'd given it to me," alisema. "He'd said it was a present. He'd told me to hide it from his wife."

Zawadi, tena ya kufichwa mke! Mtu akakohoa mlangoni, na wote wakageuka. Dada mkubwa alikuwa amesimama pale, anahema kwa ngazi, simu ya mumewe mkononi.

"Ulikuwa umeiacha juu ya friji," alimwambia mumewe. Halafu akamgeukia mkunga. "Haya, mama, endelea. Alikuwa amekwambia nini tena?"

Darasa lilicheka hadi ufagio wa chini ukaanza kugonga. Shemeji hakucheka. Aliachia ukosi wa dobi, akanyoosha tai, akatangaza kwamba mbele ya mashahidi hawa wote darasa limefungwa. Mwalimu alirudisha dasta mahali pake, akachukua mkoba.

Kwenye ngazi dada yake alimshika mkono.

"Wewe ulijua si mchezo. Mbona hukuwakataza?"

"Uliwasikia, dada?"

"Niliwasikia."

"Basi."

Walishuka ngazi kadhaa. Kisha dada akaanza kutikisika mabega, na hadi wanafika barabarani alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga, akisema kwamba nyumba yake na mumewe si ya mwanamume peke yake.

Siku hizi Mwalimu Kesi anafundisha Jumanne na Alhamisi, sebuleni kwa dada yake. Jioni hizo shemeji hula jikoni.